Chakula kimeharibika: tuanzie wapi kutafuta sababu?

Anayejifunza kupika akiharibu wali mara mbili huanza kufikiria kununua sufuria nyingine. Mchuzi wake ukipooza, huongeza bizari. Mara nyingi sufuria haina kosa wala bizari haijapungua. Makosa mengi ya jikoni hutoka kwenye moto, maji na zamu ya kutia vitu: moto unaoshinda unene wa chombo, maji yasiyolingana na mchele, au kiungo kilichotiwa kabla ya wakati wake. Hivyo ndivyo vya kukagua kwanza, na kuvikagua hakugharimu hata senti.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeanza kujipikia mwenyewe, iwe chumba cha kupanga Mwanakwerekwe, Unguja, dakhalia (bweni), au nyumba mpya Chake Chake, Pemba, na vyombo vyake ni vichache. Tafuta dalili unayoiona, soma sababu zake, kisha rekebisha. Pale ambapo chakula bado kinaokoleka, tumeeleza namna ya kukiokoa.

Vyombo tunavyovizungumzia

Sufuria moja nzito ya lita nne au tano yenye mfuniko unaokaa sawasawa, na nyingine ndogo ya lita mbili. Chuma cha chapati. Kikaango chenye kina. Mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu au chujio, kinu na mchi, mwiko, upawa, kisu kinachokata. Vyombo hivyo vinatosha kwa wali, pilau, mchuzi, maharage, samaki, chapati, maandazi, hata mkate, maana sufuria nzito ikipaliwa makaa juu ya mfuniko inafanya kazi ya tanuri. Ukibakiwa na pesa ya chombo kimoja zaidi, nunua chungu.

Chagua na kikombe kimoja cha kupimia, usikibadilishe. Vipimo vya hapa ni vya kikombe cha mililita 250.

Kabla ya kupikia sufuria mpya, ijaribu. Tia maji ya kina cha vidole viwili, iweke motoni, uangalie mapovu yanaanzia wapi. Yakitokea chini kote kwa pamoja, kitako ni kizuri. Yakitokea sehemu moja tu, hapo ndipo wali utakapoungulia kila siku mpaka ujue kupunguza moto. Sufuria nyembamba haina haja ya kutupwa: ichemshie maji, chai na muhogo, na wali upikie ile nzito.

Wali umeungua chini na juu una kiini

Hii ndiyo dalili inayowasumbua wengi, na chanzo chake ni kimoja: maji yamekauka kabla punje hazijayanywa. Moto ulikuwa mkali, mfuniko ulikuwa unavujisha mvuke, au ulifunua mara kwa mara kuchungulia.

Kuuokoa: usikoroge wala usikwangue ukoko. Uonje wali wa juu. Ikiwa haujashika harufu ya kuungua, upakue taratibu uutie kwenye sufuria nyingine, nyunyiza robo kikombe cha maji ya moto, funika juu ya punje kwa kipande cha jani la mgomba kisha mfuniko, uweke kwenye moto mdogo sana kwa dakika kumi. Ikiwa harufu imeshaingia kwenye punje, haitatoka kwa viungo vyovyote. Uache wali wazi ufuke kidogo, uule siku hiyo na mchuzi mzito.

Kuzuia: kwa vikombe viwili vya mchele tumia vikombe vitatu na nusu vya tui, au vitatu tu ikiwa mchele umeroweka nusu saa. Osha mchele mpaka maji yapungue weupe, mara tatu au nne. Chemsha kwanza tui la pili, lile jepesi la mkamuo wa pili, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha ndipo utie mchele. Koroga mara moja, acha uchemke kwa moto wa kiasi. Maji yakishuka yakawa sawa na uso wa wali, mimina kasimile (tui zito la mkamuo wa kwanza), geuza kwa mwiko mara moja kutoka chini kwenda juu, funika. Sasa ondoa makaa mengi ya chini, yaliyobaki yafunike majivu, uyapalie yale uliyoyatoa juu ya mfuniko. Dakika kumi na tano mpaka ishirini, bila kufunua. Mwenye gesi apunguze moto hadi mwisho wake, na kama bado ni mkali, aweke chuma cha chapati juu ya jiko na sufuria juu ya chuma hicho. Chuma husambaza joto na kuliondolea ukali.

Kwa nini kasimile isitangulie? Punje huivishwa na maji. Kasimile ina mafuta mengi na maji machache, na vitu vyake vizito huzama kwenye kitako na kuungua upesi. Ikitangulia, unapata hasara mbili kwa wakati mmoja: ukoko mweusi na punje ngumu.

Wali ukitoka *bokoboko*, yaani umerojeka, sababu ni maji mengi, mchele usiooshwa, au mwiko uliokaa muda mrefu ndani ya sufuria. Punje iliyoanza kuiva ikikorogwa huvunjika na kutoa wanga wake. Umwage kwenye sinia, uutandaze upoe na kukauka. Hautakuwa wa kuchambuka, lakini utalika. Safari ijayo punguza nusu kikombe cha maji. Kila mchele una maji yake: wa Mbeya, wa mapembe na wa basmati havipikwi kwa kipimo kimoja, kwa hiyo ukibadilisha mchele dukani, pika kikombe kimoja kwanza kuupima.

Wali wa nazi uliolala nje haufai kupashwa na kuliwa. Mchele hubeba vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto, vijidudu hivyo huzaliana na kutoa sumu isiyoondoka kwa moto. Usiuache nje zaidi ya saa mbili. Ukibaki, utandaze upoe haraka kisha uingie kwenye friji. Ukiona unavuta nyuzi au una harufu ya kuchacha, mwaga.

Tui limekatika

Mchuzi umekuwa na maji chini, mafuta juu, na vipande vidogo vyeupe vinaelea. Tui ni mafuta yaliyosambaa ndani ya maji, na yanashikiliwa na protini za nazi yenyewe. Vitu viwili huvunja mshikamano huo: mchemko wa nguvu na uchachu.

Kwa hiyo fuata zamu hii. Kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia thomu (kitunguu saumu) na tangawizi, kisha bizari, kisha tungule (nyanya) mpaka zipondeke na mafuta yaanze kuonekana pembeni. Mimina tui la pili, na hapa ndipo mahali pa embe mbichi au ukwaju. Tia samaki. Samaki akiiva, punguza moto mpaka mchuzi utikisike bila kutokota, ndipo utie kasimile. Ichote na kuimimina kwa upawa, au koroga polepole upande mmoja, mpaka mchuzi uwe mzito, dakika tatu hadi tano. Usifunike, mfuniko huongeza joto na kuuchemsha mchuzi bila wewe kujua. Ndimu hukamuliwa baada ya sufuria kushuka jikoni.

Likishakatika, ipua. Acha mchemko utulie kabisa, changanya vijiko viwili vitatu vya kasimile mbichi na kijiko kidogo cha unga wa mchele, utie huku ukikoroga, urudishe kwenye moto mdogo kwa dakika mbili. Mara nyingi mchuzi hurudi. Ukikosa kasimile, mchuzi uliokatika hauna madhara. Umepoteza sura tu.

Tui jepesi au kidogo linatokana na nazi uliyoichagua au namna ulivyokamua. Koroma ina nyama laini na mafuta machache. Unataka nazi iliyokauka, nzito mkononi, ukiitikisa maji yanasikika. Isiyosikika maji huenda imepata ufa na nyama imeanza kuharibika. Iliyoota na kuwa na joya ndani imeshatumia mafuta yake kukuza mche. Wakati wa kukuna, simama ukifika kwenye ngozi ya hudhurungi, kwani ukiikuna tui linakuwa la kijivu. Kisha tumia maji ya uvuguvugu. Maji ya baridi hugandisha mafuta ndani ya machicha, na hayo ndiyo unayoyatupa. Nazi moja, nusu kikombe cha maji kwa kasimile, ufikiche kwa vidole dakika mbili kabla ya kukamua. Kikombe kimoja na nusu kwa tui la pili. Baada ya hapo machicha hayana kitu kikubwa.

Mchuzi ni mchungu, au una ubichi wa bizari

Uchungu: bizari au thomu imeungua. Bizari ya unga ikigusa mafuta yaliyopata moto sana huungua kwa sekunde chache. Ichanganye kwanza na vijiko viwili vya maji, ndipo uitie. Mchuzi ulioshika uchungu wa kuungua hauokoleki kwa sukari. Kama umegundua kabla ya kutia tui na samaki, mwaga, osha sufuria, anza upya. Hasara ni kitunguu kimoja.

Ubichi: bizari haikukaangwa vya kutosha, au tungule zimewahishwa maji. Subiri mafuta yajitenge pembeni kabla ya kumimina chochote.

Samaki amegandia, amevunjika, au amekauka

Samaki hugandia kwenye kikaango kwa sababu tatu: ana maji, chuma hakijapata moto, au amegeuzwa mapema. Mpake chumvi, thomu na ndimu, akae dakika kumi na tano, halafu mfute akauke kabisa. Weka kikaango tupu motoni kwanza, kisha mafuta, subiri. Chovya ncha ya kijiti kikavu ndani ya mafuta: mapovu madogo yakizunguka kijiti mara moja, mafuta yako tayari. Yakitoa moshi yamezidi, ipua yapoe. Mlaze samaki, umwache. Kibua mzima aliyechanjwa huchukua dakika tatu hadi nne kila upande, na ngozi ikishakuwa ngumu hujibandua yenyewe. Ukimsukuma akakataa kusogea, hajawa tayari kugeuzwa.

Kwenye mchuzi samaki huvunjika kwa sababu ya mwiko. Akishaingia kwenye sufuria usikoroge tena. Shika sufuria kwa matambara pande mbili uitikise. Vipande vya unene wa vidole viwili vinatosha dakika nane hadi kumi na mbili. Jodari huiva mapema kuliko inavyodhaniwa, na akipitilizwa huwa mkavu kiasi kwamba hata tui halimsaidii.

Hili la usalama lisipuuzwe. Jodari, kibua na jamii zao wakikaa juani hutengeneza sumu isiyoondoka kwa kupika wala kwa friji. Dalili yake ni ulimi kuwasha kama umetiwa pilipili, wakati mchuzi hauna pilipili, au uso kuwa mwekundu na kichwa kuuma muda mfupi baada ya kula. Ukisikia ulimi unawasha kwenye tonge la kwanza, acha kula, na mwaga sufuria nzima. Sokoni, iwe Darajani au Wete, tazama macho yaliyojaa na mashavu mekundu kwa ndani, na mnunue samaki mwisho, ukiwa unarudi nyumbani.

Pweza mgumu

Pweza hupitia hatua inayowadanganya wengi. Dakika kumi na tano za mwanzo nyama hujikaza na kuwa ngumu kuliko ilipoanza, na hapo ndipo watu hukata tamaa au huongeza maji mengi. Nyuzi zinazomkaza zinahitaji muda mrefu kwenye moto mdogo ili ziyeyuke. Pweza wa kilo moja huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Mkubwa hufika saa moja na nusu.

Mtie kwenye sufuria ndogo na nusu kikombe tu cha maji, kwani ana maji yake mengi. Usitie chumvi mwanzoni: maji yake yana chumvi ya bahari, na yakikauka chumvi hiyo hubaki yote. Funika, moto mdogo. Mchome kwa ncha ya kisu pale mkono unapoungana na kichwa. Ikiingia bila kung'ang'ania, ameiva. Hapo ndipo viungo na tui vifuate. Pweza aliyegandishwa kwenye friza usiku kucha na kuyeyushwa huwa laini zaidi, kwa sababu barafu imeshapasua nyuzi zake. Ni njia nzuri kwa asiye na nguvu ya kumpigapiga.

Kwa nyama ya ng'ombe ngumu, papai bichi lililosagwa husaidia: kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, nusu saa, basi. Ikilala nalo usiku kucha, nje hugeuka uji na ndani hubaki vilevile.

Maharage hayaivi

Yamechemka saa tatu na bado yanagonga meno. Kagua vitu vitatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, maji. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyake hubeba chokaa. Utaiona kwenye birika: ganda jeupe lisilotoka kwa kusugua. Chokaa hiyo hukaza maganda ya maharage, choroko na mbaazi. Tumia maji ya mvua ukiyapata, au chemsha maji ya kisima, yaache yatulie, umimine ya juu taratibu. Ncha ya kijiko cha magadi kwenye sufuria hulainisha. Ukizidisha, maharage huwa na ladha ya sabuni. Visima vya karibu na pwani vina tatizo la pili, maji yake yana chumvi tayari. Onja maji kabla ya kupima chumvi ya chakula.

Pili, uchachu. Tungule, ukwaju na ndimu vikitiwa kabla maharage hayajalainika, huyazuia yasilainike. Yaive kwanza kwa maji matupu, ndipo yaungwe.

Tatu, umri. Maharage yaliyokaa dukani mwaka mzima huenda yasiive vizuri hata ufanyeje. Yaroweke saa nane hadi kumi na mbili, umwage maji hayo. Maharage mekundu yachemshwe kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Yakiiva nusunusu yanaumiza tumbo vibaya.

Muhogo nao uwe na tahadhari yake: ukionja ukakuta mchungu, usiule. Uchungu huo ni ishara ya sumu. Muhogo mtamu umenye maganda yote mawili, utoe mzizi wa katikati, uchemshe bila kufunika, umwage maji ya kwanza, ndipo uutilie tui.

Chapati ngumu, maandazi yamekunywa mafuta

Chapati hukauka kwa sababu ya unga mkavu au chuma cha baridi. Nusu kilo ya unga, kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vitatu vya chakula vya mafuta, na mililita 300 za maji ya uvuguvugu. Unga unapaswa kunata kidogo vidoleni mwanzoni. Ukiukanda dakika kumi, kunata kutaisha. Ukiogopa kunata huko ukaongeza unga, chapati itakuwa ngumu kabla haijafika motoni. Ufunike nusu saa. Sukuma, paka mafuta, kunja mzunguko, uache madonge dakika kumi na tano nyingine. Donge likisukumwa likarudi nyuma, halijapumzika vya kutosha.

Chuma kiwe na moto wa kufanya tone la maji lirukeruke na kukauka mara moja. Kikiwa cha baridi, chapati hukaa muda mrefu, hupoteza maji yake na kuwa kama ngozi. Kikizidi, hupata madoa meusi na katikati hubaki mbichi. Dakika mbili, au zaidi kidogo, zinatosha kwa pande zote mbili. Zikitoka, zipange moja juu ya nyingine na uzifunike kwa kitambaa ili mvuke uzilainishe.

Maandazi au mahamri yasipoumuka, jaribu hamira kabla ya kulaumu unga: kijiko cha chai cha hamira, kijiko cha sukari, nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu. Isipotoa povu ndani ya dakika kumi, imekufa. Ikiwa hamira ni nzima, basi huenda umeiua mwenyewe kwa tui la moto. Tui lisiwe moto kuliko kidole chako kinavyoweza kuvumilia kwa raha. Yakinywa mafuta, mafuta yalikuwa ya baridi au uliyatia mengi kwa pamoja. Yakiwa meusi nje na mabichi ndani, moto umezidi. Yasipovimba ndani ya mafuta, yamesukumwa manene sehemu moja na membamba sehemu nyingine. Yakishaelea, yamwagie mafuta ya moto juu kwa upawa na mengi yatavimba.

Mkate wa kumimina umeungua chini, juu mweupe

Makaa ya chini ni mengi kuliko ya juu. Iwe kinyume chake: theluthi moja chini, imefunikwa majivu, na theluthi mbili juu ya mfuniko, mengi yakiwa pembeni kuliko katikati. Usijaribu mkate huu kwenye sufuria nyembamba.

Ukididimia katikati, unga uliachwa umuke mpaka ukachoka, au umefunua mapema. Ukinata kama gundi, mchele haukusagika vizuri au tui limezidi. Mchele uroweke usiku kucha, na tui liwe la kutosha tu kuzungusha mashine ya kusagia. Ukiumuka ukajaa mapovu juu, upike hapohapo. Choma kijiti katikati baada ya nusu saa. Kikitoka kikavu, ipua, na usiutoe kwenye sufuria kabla haujapoa.

Vitumbua vinavyoganda vina sababu nyingine: vishimo vya chuma havijashiba mafuta. Kipashe moto chuma, paka mafuta, acha kifuke moshi kidogo, rudia mara tatu kabla ya siku ya kwanza ya kupika. Usikioshe kwa sabuni baada ya hapo.

Chumvi imezidi

Kwenye mchuzi, ongeza tui lisilo na chumvi au mbatata zaidi pamoja na maji, yaani ongeza chakula chenyewe. Mbatata moja iliyotiwa kisha ikatolewa haiondoi chumvi, hunyonya maji ya mchuzi pamoja na chumvi yake tu. Mwezi wa Ramadhani, wengi wanapopika futari bila kuonja, kipimo cha kijiko ndicho kinga ya pekee: pima kila siku kwa kijiko kilekile, uandike.

Tatizo liko kwenye chombo chenyewe

*Chakula kina ladha ya bati au kimeingia weusi.* Ukwaju, ndimu au tungule zimekaa muda mrefu kwenye sufuria ya aluminiamu au kikaango cha chuma. Kupika si kosa, kulaza humo ndiko kosa. Hamishia kwenye bakuli. Vyakula vya uchachu vinapenda chungu.

*Chuma kina kutu.* Hewa ya bahari hapa haisamehi. Sugua mpaka kutu iishe, osha, kikaushe juu ya moto, paka mafuta membamba sana kwa kitambaa, kipashe hadi moshi utoke. Rudia mara tatu. Baada ya kila kuosha, kikaushe motoni na upake tone la mafuta, hasa wakati wa masika.

*Chungu kimepasuka.* Kiliwekwa kikavu kwenye moto mkali, au kilimwagiwa maji baridi kikiwa cha moto. Chungu kipya kiloweke usiku mzima, kisha kichemshie maji ya mchele kwa moto mdogo. Kikitoka jikoni, kikalie kata (pete ya kuegemezea chungu) au kitambaa kikavu, kisigusane na sakafu yenye maji.

*Kitako cha sufuria kimeganda chakula.* Tia maji na kijiko cha magadi, chemsha dakika kumi, acha ipoe, ukwangue kwa mwiko wa mti. Kwa wapikao kwa kuni, paka majivu yaliyokorogwa na maji nje ya kitako kabla ya kuinjika; masizi yatatoka na majivu hayo.

Kikaango kisichogandisha hakifai kwenye seredani (jiko la makaa). Utando wake huharibika ukipita takriban nyuzi 260 za Selsiasi, na makaa hufika huko bila shida, hasa chombo kikiwa kitupu. Kitumie kwenye gesi, moto wa kiasi, na mwiko wa mti.

Jiko ndilo lenye kasoro

Mkaa unaorusha cheche na moshi umeingia maji. Uanike, na uhifadhi juu ya ubao badala ya sakafu. Moshi ukiisha usidhani hatari imeisha: makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Seredani ikae nje au penye madirisha mawili yaliyo wazi, na isiingizwe kamwe kwenye chumba cha kulala.

Gesi yenye moto wa manjano unaopaka sufuria masizi inaonyesha matundu ya jiko yameziba. Jiko likipoa, zibua kwa sindano, futa, kausha. Moto uwe wa buluu. Ukisikia harufu ya gesi, funga vali ya mtungi, usiwashe wala kuzima taa, fungua milango, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa na hulala chini sakafuni. Hewa ikishasafika, paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye maungio ya mtungi, kisha ufungue vali kidogo bila kuwasha jiko: panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Funga tena. Mpira uliopata ufa haufungwi utepe, hubadilishwa mzima.